Zebaki katika Samaki: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Maji yakipimwa na kukutwa salama, samaki wake nao ni salama.

Kipimo cha maji pekee hakitoshi. Zebaki ikifika ziwani au baharini hutuama kwenye tope, na huko bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo mwili huifyonza upesi na kuitoa polepole mno. Mwani huibeba kidogo, viumbe wadogo hula mwani mwingi, dagaa huwala viumbe hao siku nenda siku rudi, na kila mlaji hujirundikia sumu ya wote aliowala. Ndiyo maana papa aliyeishi miaka mingi aweza kuwa na kiwango kinachozidi kile cha maji yanayomzunguka mara milioni na zaidi.

Watu wa Minamata, nchini Japani, waliujua ukweli huu kwa uchungu mkubwa. Kiwanda cha Chisso kilimwaga majitaka yenye methili-zebaki kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Paka waliolishwa samaki wa Ghuba ya Minamata walitetemeka, wakapatwa na kifafa na kufa, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi kwa binadamu. Linaloumiza zaidi ni kwamba wapo akina mama waliokuwa na dalili hafifu tu, lakini wakajifungua watoto walioharibika ubongo, kwa kuwa sumu hiyo hupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Dhana: Ndimu, chumvi na moto mkali huondoa sumu.

Haviiondoi. Hata kutoa ngozi na mafuta hakusaidii, maana methili-zebaki hushikamana na protini ya mnofu wenyewe. Sumu inayokaa kwenye mafuta ni kama DDT, dawa ya kuua wadudu. Papa wa ng'onda anayeuzwa katika masoko ya pwani amepoteza maji bila kupoteza zebaki, kwa hiyo kilo yake moja hubeba zebaki nyingi kuliko kilo ya papa mbichi.

Dhana: Basi heri kuacha samaki kabisa.

Hilo lingekuwa kosa, hasa kwa familia ambazo samaki ndiye kitoweo chao cha kila siku. Dagaa huishi muda mfupi na hula viumbe wa ngazi za chini, hivyo zebaki yake kwa kawaida ni ndogo. Wanaopaswa kuepuka papa, nduaro na nguru ni wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo. Kwa kuwa mwili huchukua yapata miezi miwili kupunguza nusu tu ya methili-zebaki iliyomo, mwanamke anayetarajia kushika mimba anafaa kuanza tahadhari hiyo miezi kadhaa kabla.