Urari wa barafu: kupima barafu inayopotea Aktiki

Urari wa barafu ni tofauti kati ya theluji inayoongezeka kwenye mto wa barafu (barafu nene inayoteremka polepole) kwa mwaka mmoja na kile kinachoyeyuka mwaka huohuo. Mapato yakizidi, mto unanenepa. Hasara ikizidi, unakonda.

Austre Brøggerbreen ni mto mdogo wa barafu karibu na Ny-Ålesund, katika visiwa vya Svalbard vya Norwei, nyuzi 79 kaskazini. Wanorwei wanaupima tangu mwaka 1967, na karibu kila mwaka hesabu imefungwa kwa hasara.

Kazi yenyewe inataka jasho. Fimbo ndefu huchimbiwa ndani ya barafu, kuanzia chini mpaka juu ya mto. Majira ya kuchipua, kabla joto halijaanza, watafiti huchimba shimo kwenye theluji hadi wafikie uso wa kiangazi kilichopita, kisha hupima kina na kupima uzito wa theluji. Uzito ni lazima, kwa kuwa theluji ina hewa nyingi. Kina peke yake hakisemi kuna maji kiasi gani. Kiangazi kikiisha wanarudi kusoma fimbo.

Tuseme theluji ya baridi yote imeyeyuka, na fimbo sasa imechomoza sentimita 120 zaidi juu ya barafu kuliko mwaka jana. Barafu ina takriban asilimia 90 ya uzito wa maji, kwa hiyo pale kwenye fimbo zimepotea sentimita 108 za maji: lita 1,080 kwa kila mita ya mraba! Kila fimbo huwakilisha eneo la mwinuko wake, na wastani wa mto mzima hupatikana hivyo.

Mwaka mmoja hautoshi. Kiangazi kimoja cha ubaridi kinaweza kuficha mwelekeo, ndiyo maana mfululizo wa miongo una thamani kubwa mno, na ukikatika pengo halizibiki kirahisi.

Fimbo nazo zina upungufu. Maji yakipenya kwenye theluji baridi huganda tena ndani, na hayo hayajapotea ingawa uso umeshuka. Kwa hiyo matokeo hulinganishwa na ramani za mwinuko za miaka tofauti. Svalbard ilipigwa picha kutoka angani mwaka 1936; ukitoa uso wa leo kwenye uso wa wakati ule, unapata ujazo uliotoweka katika kipindi chote, hata miaka ambayo hakukuwa na fimbo.