Mapafu ya panya hayatokani na tabaka moja

Wanafunzi wengi wa baiolojia, hapa Mbeya na kwingineko, hukariri kwamba kila tabaka la seli za kiinitete (kiumbe kichanga kinachoanza kukua tumboni) hutengeneza viungo vyake peke yake: la nje ngozi na ubongo, la kati moyo na misuli, la ndani mapafu na utumbo. Si kweli, na inasikitisha, maana ukweli wenyewe unavutia zaidi.

Mtazame panya wa maabara. Karibu siku ya 9 na nusu ya mimba, vichipukizi viwili vya mapafu huchomoza kutoka tabaka la ndani. Vichipukizi hivyo hutoa utando wa ndani wa mapafu tu. Gegedu, misuli na mishipa ya damu hutoka tabaka la kati. Tena la kati ndilo linalotoa protini ya FGF10, inayovielekeza vichipukizi pa kukua na kutawanyika matawi. Panya asiye na jeni ya protini hiyo huzaliwa na bomba la hewa bila mapafu, akafa. Tabaka la ndani analo. Ishara ya jirani hana.