Bei ya mayai au utoaji mimba?

Baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2024, wengi walikuwa na jibu moja kwa nini Kamala Harris, mgombea wa chama cha Democratic, alishindwa na Donald Trump: aliongea mno kuhusu utoaji mimba huku watu wakilia na bei ya mayai. Kwa hiyo mgombea aachane na mimba, ashike uchumi.

Wanaosema hivyo wanadhani mpiga kura alilazimika kuchagua kimoja. Tazama jimbo la Missouri. Siku ileile, zaidi ya asilimia 58 walimpa Donald Trump kura ya urais, na takriban asilimia 52 wakaingiza haki ya kutoa mimba kwenye katiba ya jimbo. Arizona na Montana ilikuwa vivyo hivyo. Kura ya maoni, yaani swali la ndiyo au hapana lililopigiwa kura kando na wagombea, iliwawezesha watu kutenganisha mambo: mimba huku, mgombea kule. (Florida ilipata asilimia 57 na bado ikakwama, maana kule inatakiwa 60.)

Na hata huo mpaka kati ya mimba na uchumi unavuja. Mama anayekosa kibarua siku mbili, akatafuta wa kumwachia watoto na nauli ya kwenda kliniki ya jimbo jirani ambako kutoa mimba kunaruhusiwa, anauhesabu utoaji mimba kwa dola.