Kurasa za pori zisizorukwa

Mwandishi wa riwaya ya upelelezi akianza kueleza korongo, upepo na rangi ya mawe, wasomaji wengi hufunua haraka wakitafuta mahali watu wanapozungumza. Nami nilikuwa hivyo, hadi nilipofika ukingoni mwa riwaya moja nisielewe muuaji kajulikanaje. Kurudi nyuma, nikakuta aya niliyoiruka: nyasi zimelowa umande asubuhi, isipokuwa mstari mmoja mkavu unaoteremka mtoni. Kuna mtu alikuwa amepita hapo kabla ya wote kuamka. Basi! Hizi hapa dhana zinazompotosha msomaji wa riwaya za upelelezi za nyikani.

Dhana: Maelezo ya mandhari ni mapambo.
Hadithi ya mjini ina kamera na rekodi za simu. Ya nyikani ina umande, tope, tawi lililovunjika na ndege walionyamaza ghafla. Ukiyaruka hayo, umemruka shahidi.

Dhana: Pori humeza kila kitu, kwa hiyo kuua huko ni rahisi.
Hapa kuna kisa cha kweli kinachotisha kuliko riwaya. Mwaka 1929 Arthur Upfield, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikuwa akifanya kazi kwenye uzio wa kuzuia sungura huko Australia Magharibi, huku akiwaza riwaya ambamo maiti inapotezwa pasibaki chembe. Njia hiyo ilizungumzwa wazi miongoni mwa wenzake, na mmoja wa waliokuja kuifahamu alikuwa Snowy Rowles. Punde watu watatu wakatoweka. Katika majivu ya moto, polisi walikuta pete ya ndoa iliyokuwa imewahi kufanyiwa kazi na sonara wa New Zealand: pale ilipoungwa palikuwa na dhahabu ya kiwango cha chini kuliko pete yenyewe. Pete hiyo ilikuwa ya Louis Carron, mmoja wa hao watatu. Upfield aliitwa mahakamani kutoa ushahidi, na Rowles akanyongwa mwaka 1932, riwaya yenyewe ikiwa imetoka mwaka mmoja kabla. Nyika ile pana haikumeza hata kipete.

Dhana: Maiti ikikutwa bila nguo porini, bila shaka kuna aliyeivua.
Waandishi wajanja hutega mtego hapa. Mtu anayekufa kwa baridi kali anaweza kuvua nguo mwenyewe. Mishipa ya damu iliyojikaza chini ya ngozi hulegea mwishoni, damu yenye joto ikarudi juu, naye akahisi anaungua. Wengine hujipenyeza chini ya gogo au kwenye mwanya, ukadhani wamefichwa. Kwa hiyo kabla hujamnyooshea mtu kidole, angalia mwandishi amesema usiku ule ulikuwa na baridi kiasi gani.

Dhana: Kuzunguka na kurudi palepale ni ujanja wa mwandishi wa kurefusha hadithi.
Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofanyika katika msitu wa Bienwald, Ujerumani, na jangwa la Sahara nchini Tunisia, ulionyesha kwamba watu wasioona jua wala mwezi huzunguka huku wakiamini wananyoosha. Waliofungwa macho wakati mwingine walichora miduara midogo, yenye upana wa mita 20 tu. Mhusika akikuta nyayo zake mwenyewe, tazama kwanza kama mbingu ilikuwa na mawingu.

Dhana: Wahusika ni wachache, muuaji utamjua mapema.
Jaribu. Watu watano wamekwama kambini, na kila mmoja ana kisu, kamba na sababu ya kuwa peke yake msituni saa nzima.