Flashi yenye faili la .gdoc haina waraka wowote

Miongoni mwa walimu na makatibu wa vyama ninaowahudumia hapa Kisumu, imezagaa dhana kwamba mtu akinakili faili la Google Docs kutoka kwenye folda ya Drive ya kompyuta yake na kulitia kwenye flashi, tayari ameubeba waraka. Hajaubeba. Faili linaloishia kwa .gdoc ni kiungo tu cha kuielekeza kompyuta kwenye seva za Google, ambako waraka wenyewe umehifadhiwa, na ndani yake hamna hata aya moja ya maandishi, ndiyo maana huwa dogo mno hata kama waraka una kurasa mia. Katibu akifika mkutanoni Kondele na bando imekwisha, LibreOffice, programu ya ofisi ya bure iliyo kwenye kompyuta, haitamsomea kumbukumbu zake, na hata akipata intaneti, itambidi aingie kwa akaunti iliyoruhusiwa kuusoma waraka huo. Dawa yake haichukui dakika moja: fungua waraka kwenye kivinjari, nenda kwenye menyu ya Faili, bonyeza Pakua, kisha uchague ODT (muundo wa LibreOffice) au DOCX (muundo wa Word). Hilo ndilo faili la kutia kwenye flashi, na nimelieleza jambo hili hadi sauti ikanikauka.

Wengine hudhani ni lazima kuchagua upande mmoja, mtandaoni au kwenye kompyuta. Si lazima. Andikeni rasimu kwenye Google Docs, ambako watu kadhaa huandika kwa wakati mmoja, kisha mmoja wenu aipakue na kuipanga kwa Writer, programu ya maandishi ya LibreOffice: mitindo ya vichwa, yaliyomo, nambari za kurasa. Ila safari iwe ya kwenda tu, kwa sababu kila ubadilishaji wa muundo unaweza kuvuruga majedwali na tanbihi.

Makro (amri za kuendesha kazi zenyewe) za Calc, programu ya lahajedwali ya LibreOffice, hazifanyi kazi kwenye Google Sheets, lahajedwali ya Google, ambayo hutumia mfumo wake wa amri, Apps Script. Usipoteze jioni yako kujaribu.

LibreOffice si ya majaribio. Ilianzishwa mwaka 2010, inasimamiwa na The Document Foundation, na leseni yake haiishi muda.

Kuhusu malalamiko kwamba LibreOffice "huharibu" barua za Word, mara nyingi kinachokosekana ni fonti. Sakinisha fonti ya Carlito, ambayo herufi zake zina upana sawa na za Calibri, fonti ya Word, na mistari haitahama kwa sababu ya fonti hiyo.