Je, wajua kwa nini Kanisa la Mtakatifu Ignasi mjini Roma lina kuba lisilokuwepo?

Anayeingia katika Kanisa la Mtakatifu Ignasi wa Loyola mjini Roma hukuta duara la marumaru sakafuni, karibu na altare. Akisimama pale na kuinua macho, huona kuba refu lenye nguzo na madirisha. Akisogea zaidi, nguzo huanza kuinama na kuba lote hupinda, kwani kilichopo juu ni turubai bapa lenye upana wa mita 17 hivi, lililochorwa mwaka 1685.

Kanisa hilo la Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki lililoanzishwa na Ignasi, lilianza kujengwa mwaka 1626 kwa ramani ya Padre Orazio Grassi, mwanahisabati aliyebishana na Galileo kuhusu nyota zenye mkia. Kuba lilikuwa limepangwa lakini halikujengwa. Sababu zinazotajwa sana ni uhaba wa fedha na malalamiko ya majirani waliohofia kuzibiwa mwanga. Pengo hilo lilizibwa kwa brashi na Bruda Andrea Pozzo, mzaliwa wa Trento.

Pozzo alichagua sehemu moja tu ya kusimama mtazamaji, kisha akaupima kila mstari kwa jicho la mtu aliye hapo. Kwenye dari ya ukumbi mkuu wa kanisa, aliyoichora baadaye, kazi ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu dari hiyo imejipinda kama mgongo wa mtumbwi uliofudikizwa. Njia aliyoieleza mwenyewe ni hii: mchoro hugawanywa katika miraba, wavu wa kamba hutandazwa chini ya dari, kisha kutoka mahali pa jicho hupitishwa mistari katika kila fundo la wavu hadi igonge dari. Miraba inayopatikana huko juu ni ya kombokombo, lakini kwa aliye chini hunyooka kabisa. Kwangu mimi, huo ni ustadi mkubwa kuliko rangi zenyewe.

Wajenzi wengine walilalamika kwamba nguzo za kuba lile, zilizochorwa zikiegemea vishikizi vya ukutani, zingeanguka. Pozzo ameandika kuwa mchoraji rafiki yake aliwajibu kwamba zikianguka, atalipa gharama yeye.

Katika dari ya ukumbi, nuru inatoka kwa Kristo, inamfikia Ignasi, na kutoka kwake inasambaa hadi Ulaya, Asia, Amerika na Afrika, kila bara likiwa na umbo la mwanamke. Kuta zilizochorwa zinaendeleza zile za mawe, na kwa aliyesimama juu ya duara la pili la marumaru, katikati ya ukumbi, ni vigumu kuona mahali jengo linapokoma na picha inapoanzia.