Je, wajua kwa nini nyota moja kichwani mwa Nge iliongeza mwanga ghafla mwaka 2000?

Ukikaa ufukweni Kibirizi, Kigoma, mwishoni mwa Agosti, siku za giza, wavuvi wa dagaa wakishawasha taa zao ziwani, tazama juu upande wa Kongo. Kundi la nyota la Nge linashuka, kichwa kikitangulia. Ile nyota nyekundu ni Antares, moyo wake. Mbele yake, kuelekea ziwani, kuna nyota tatu zilizojipanga mstari. Hicho ndicho kichwa, na ya katikati, Delta Scorpii, ndiyo yenye kisa.

Zamani iliwazidi jirani zake kidogo tu. Mwaka 2000, Sebastián Otero, mtazamaji wa nyota wa Argentina, akaiona kwa macho matupu kwamba imebadilika. Miaka iliyofuata mwanga wake ulikaribia kuwa maradufu. Haikulipuka. Ilikuwa imejifunga mkanda wa gesi kiunoni.

Gesi hiyo ni yake yenyewe. Wengi huichanganya na lile vumbi linalozunguka nyota changa na kuzaa sayari, lakini hapa nyota imeshakomaa na inajimega. Jua letu hujizungusha polepole: pale ikweta yake kasi ni kama kilomita 2 kwa sekunde. Nyota za aina hii, moto mara kadhaa kuliko Jua na nyeupe za kibuluu, hupita kilomita 200. Kwa kasi hiyo nyota hubonyea juu na chini na kutuna kiunoni, na gesi ya hapo kiunoni hubaki imeshikiliwa kidogo tu, kama tope kwenye gurudumu la baiskeli.

Ila kasi peke yake kwa kawaida haitoshi kuing'oa, na hapo ndipo penye utamu. Uso wa nyota hizi hutetemeka kwa mawimbi, na inaelekea mawimbi hayo ndiyo huongeza msukumo uliobaki. Kwa Delta Scorpii kuna mshukiwa mwingine pia: ina nyota mwenzake ambayo huisogelea sana kila baada ya miaka 10 na ushee, na mwaka 2000 ilikuwa imeisogelea. Gesi ikishang'oka haitawanyiki ovyo. Huizunguka nyota, tabaka likisuguana na tabaka, na mkanda hupanuka taratibu.

Mwanga wa urujuanimno wa nyota huzinyang'anya atomu za haidrojeni elektroni zake. Elektroni zikirudi, gesi hutoa mwanga wake, hasa mwekundu. Mtaalamu wa nyota Angelo Secchi aliuona mwanga wa namna hii mwaka 1866 akiwa Roma, alipotawanya mwanga wa nyota ya Gamma Cassiopeiae katika rangi zake: mstari wa haidrojeni aliotarajia kuukuta mweusi ulikuwa unang'aa.

Delta Scorpii iko umbali wa zaidi ya miaka 400 ya mwanga. Kwa hiyo kilichoonekana mwaka 2000 kilitokea misafara ya pembe za ndovu kutoka pwani ikiwa bado haijafika Ujiji.

Mikanda hii haidumu. Nyota ikiacha kuilisha, gesi nyingi humwagika kurudi ndani na iliyobaki hupotelea nje. Basi ukitazama, linganisha ile ya katikati na wenzake wawili: ikiwazidi waziwazi, mkanda bado upo, wakikaribia kulingana, umeisha.